Mkalimani Alipokaa Kimya

Lifti ilijaa watu kama njiti kwenye kiberiti. Ikakohoa, ikatikisika, ikasimama katikati ya ghorofa mbili, na taa ikazimika. Mmoja akapiga yowe kwa lugha yake, wa pili akamwita Mungu kwa lugha yake, wa tatu akaanza kutukana, na matusi bwana hayahitaji kutafsiriwa.

Lilikuwa jengo la ofisi za uhamiaji. Watu wa kila pembe ya dunia hujazana pale tangu asubuhi, makaratasi mkononi, wakingoja muhuri. Lifti zilikuwa mbili, ila moja ilikuwa imekufa siku nyingi na wakubwa wanajua. Ofisi zao ziko chini, wao hawapandi.

Juu kabisa, kwenye chumba cha mashine, Fundi alikuwa amefika akihema. Mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu imepauka magotini, ndevu zimechongwa vizuri kwa kuwa asipozichonga shemeji yake humsema. Kabla hajagusa kitu alizima swichi kuu, akaipiga kufuli jekundu, akatia ufunguo mfukoni na kuupapasa kwa nje kuhakikisha umo. Halafu akashika kipaza sauti cha lifti.

"Ninyi mlio ndani, tulieni! Msiguse mlango. Nitawashusha kwa mkono, taratibu."

Hakuna aliyemsikia. Zilisikika kelele tu, na katikati yake sauti ya chuma kikikwaruzwa. Kuna mtu alikuwa anapanua mlango kwa vidole. Fundi aliijua hatari hiyo. Lifti ikisogea huku mkono umetokeza nje, mkono haurudi.

"Hii lifti mbishi kama bosi wangu," akalalama kwa lugha ya kwao, akijua hakuna wa kumwelewa.

"Bosi wako hayumo humu," spika ikamjibu kwa lugha ile ile. "Tuliomo ni sisi. Sema unachotaka, niwaambie."

Bisibisi ikamtoka mkononi. Tangu amzike mke wake, hakuwa ameisikia lugha hiyo kwenye kinywa cha mwanamke yeyote mjini isipokuwa shemeji yake, tena huyo akiisema anagomba.

"Dada, wewe ni nani?"

"Ni mtu ambaye mzee mmoja amemkanyaga kidole gumba. Sema basi, kaka, watu wanazirai!"

"Mwenye kupanua mlango aache. Mikono ndani. Lifti ikishuka ghafla kidogo wasiogope, ni mimi."

Akamsikia akiyasema hayo kwa lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila lugha alikuwa kama amezaliwa nayo. Kwa moja alibembeleza, kwa nyingine akafoka kama mama mkwe. Kelele zikapungua. Mkwaruzo ukakoma. Fundi akalegeza breki, akaanza kuzungusha gurudumu, jasho linamtiririka, na kila alipopumzika alisema neno, na kila neno lilipokelewa.

"Unaitwa nani?" akauliza.

"Hilo nalo nilitafsiri?"

Milango ilipofunguka Fundi aliteremka ngazi mbili mbili. Watu walishatoka, wengine wamekaa sakafuni. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani lililombana kiunoni, kitambaa cha manjano kichwani, viatu mkononi, anachechemea.

"Wewe ndiye ile sauti?"

"Na wewe ndiye yale malalamiko?"

Wakacheka mpaka mlinzi akageuka kuwatazama.

Alikuwa mkalimani wa ofisi ile. Lugha ya akina Fundi alifundishwa na bibi yake mzaa mama, aliyemlea na ambaye alikataa katakata kujifunza nyingine. Tangu siku hiyo Fundi hakumwita kwa jina lake hata mara moja. Alimwita Sauti.

Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, maana yeye alikuwa kwenye mashimo ya lifti mji mzima na mwenzake alikuwa kwenye midomo ya watu.

"Haloo, Sauti wangu. Umekula?"

"Nimekula maneno ya watu tangu asubuhi, nimeshiba. Wewe uko wapi?"

"Nimening'inia ghorofa ya kumi na moja."

"Umening'inia halafu unapiga simu? Shuka huko, mwendawazimu we!"

"Swichi imezimwa, ina kufuli, ufunguo ninao. Hata waziri akitaka kupanda leo, atapanda kwa ngazi."

"Na mtu akipiga kengele lifti nyingine?"

"Naacha kila kitu naitika. Ndiyo sheria yetu mafundi. Kengele ya lifti haiachwi ikilia, hata aliyekwama awe adui yako."

"Basi siku ukininunia nitakwama makusudi."

Jioni walikuwa wakikutana mgahawa ulio mkabala na jengo la uhamiaji, meza ya pembeni, chai mbili. Hapo ndipo walipokuwa wakibishana, na mabishano yao yalikuwa matamu kama wengine wanavyobusiana.

"Ingekuwa amri yangu," Fundi alisema siku moja, "dunia nzima ingesema lugha moja. Basi. Kila mtoto afundishwe hiyo hiyo, huku na ng'ambo. Mtu akisema naumia, asikike popote alipo."

"Na mimi nikale wapi, baba?"

"Nitakulisha."

"Utanilisha kwa lugha ipi? Maana ukinitongoza kwa hiyo lugha yako ya dunia nzima, nitadhani unanisomea tangazo la ndege."

"Usicheke, Sauti. Sifanyi mzaha."

Sauti alimtazama, akaona kweli hafanyi mzaha. Macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Mke wangu alifia hospitali," Fundi akasema. "Siwezi kuyasimulia. Sikusimulii, na nakuomba usiniulize."

Sauti akaweka kikombe chini polepole. "Pole, mpenzi. Siulizi. Na mimi kuna mahali niliwahi kufanya kazi, sipendi hata kupataja. Basi likipita njia ile nashuka mapema ili nisione geti."

Wakanyamaza. Kila mmoja aliudhani ukimya wa mwenzake kuwa ni heshima. Mlango ulikuwa mmoja, wao wakaufunga kila mtu kwa upande wake, na hakuna aliyejua mwenzake anausukuma.

Siku zile mji ulikuwa umepambwa mabango: DUNIA MOJA, LUGHA MOJA. Wakubwa kutoka nchi nyingi walikuwa wanakuja kukutana, wakubaliane binadamu wote wafundishwe lugha moja, na mji wetu ndio uwe wa mfano. Ofisi zote zingetumia lugha hiyo tu. Asiyeijua atajijua. Wakubwa wakiota ndoto, mtu wa chini ndiye anayeamshwa mapema.

Mwenyekiti wa mkutano mwenyewe alimpigia Fundi simu. Walijuana. Alipokuwa mkurugenzi wa hospitali kuu ndiye aliyempa Fundi mkono wa pole, akamshika bega kama ndugu.

"Njoo usimulie yaliyokupata," alisema. "Kwa lugha yenu hiyo hiyo, watu wauone mzigo ulivyo. Yasimpate mwingine."

Fundi alikubali kwa moyo mweupe. Hakumwambia Sauti. Alitaka akitoka pale, mzigo umeshamtoka kifuani, ndipo amwambie yote, kisha amvishe pete. Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, mshonaji, ndiye aliyempimia suti ya kijivu huku pini ziko mdomoni.

"Simama wima, shemeji. Unatetemeka kama bwana harusi."

"Ndiyo mpango wenyewe."

Shemeji akatoa pini mdomoni. Akamtazama kwenye kioo muda mrefu. "Mdogo wangu asingependa ulale na baridi maisha yote," akasema, akaendelea kushona.

Na Sauti naye hakusema. Wakala alimpigia, kuna kazi ya ukalimani kwa wakubwa, akakatazwa kutaja ni wapi. "Kesho usinitafute mchana, laazizi, nina kazi ya watu wazito."

"Mimi pia nina shughuli. Jioni nitakuambia jambo."

"Jambo gani?"

"Vaa lile gauni la kijani."

Ukumbi ulikuwa na zulia linalomeza nyayo. Meza zimepangwa nusu duara, kila meza ina maua, maji, na kifaa cha kuvaa masikioni. Ukutani juu kulikuwa na vibanda vya vioo, na ndani ya kila kibanda wakalimani wawili wawili. Ndiyo, wakalimani! Watu walikutana kusema lugha iwe moja, na wao wenyewe hawakuelewana bila kufasiriwa. Mwenyekiti akitoa kichekesho, upande mmoja ulicheka mara moja, upande wa pili ukacheka baadaye, na wa mwisho wakacheka wakati yeye anataja waliofariki.

Sauti alikaa kwenye kibanda cha kati, gauni la kijani, nywele zimebanwa nyuma. Alipoinua macho kumtazama Mwenyekiti, kalamu ikaanguka.

"Vipi, umeona jini?" akauliza mwenzake wa kibandani, mzee mwenye miwani mizito, mkongwe wa kazi hiyo.

"Nimeona bosi wangu wa zamani."

"Si ni yale yale?" mzee akasema, akafungua pipi ya kikohozi.

Sauti hakucheka. Angeondoka saa ile ile kama Mwenyekiti asingesema, "Sasa tumsikilize mwananchi wa kawaida," na kama kwenye jukwaa asingepanda mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu.

Moyo ulimruka Sauti. Kwanza kwa furaha, kama msichana. Alivyopendeza! Halafu kwa woga, bila kujua anaogopa nini.

"Lugha hiyo unayo wewe peke yako," mzee akamnong'oneza. "Chukua."

Sharti la wakalimani ni kwamba mtu akisema "mimi," mkalimani naye husema "mimi." Hasemi "amesema yeye ni fundi." Anakopesha koo lake lote. Akiingiza neno lake mwenyewe, kazi hana.

"Mimi ni fundi wa lifti," Fundi akasema kwa lugha ya kwao, bila kifaa masikioni. Hakuwa na haja ya kusikiliza, alikuja kusema.

"Mimi ni fundi wa lifti," Sauti akasema kwa lugha ya mkutano, masikioni mwa wote.

"Mke wangu alipougua nilimleta hospitali kuu. Alilazwa ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani."

"Mke wangu alipougua..." Sauti aliendelea, na kwenye maneno kitanda cha dirishani sauti yake ikapanda kidogo. Mzee akageuka kumtazama.

"Saa za kutazama wagonjwa zilikwisha. Nikatolewa. Niliwaomba wanibakize kwa sababu hajui lugha ya mji. Wakaniambia, usihofu, tuna mkalimani. Nikaenda kazini."

"...tuna mkalimani. Nikaenda kazini."

"Wakamletea sindano. Aliijua dawa ile. Iliwahi kumfunga koo akiwa msichana. Akawaambia, jamani, hiyo inanifunga koo. Akawaambia tena na tena. Wao wakadhani anaogopa sindano. Wakamshika mikono."

Sauti alisema, "Wakanishika..." akajisahihisha, "wakamshika mikono." Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, hayamngoji. Sasa alijua anamsema nani. Alikijua kitanda kile, na dirisha lenye pazia lililochanika, na mkono aliokuwa ameushika.

"Nilimuuliza mkurugenzi, mkalimani wenu alikuwa wapi? Akaniambia, siku hiyo hakuonekana kazini. Mpaka leo sijui jina lake wala sura yake. Lakini nasema mbele yenu wote. Huyo ndiye aliyemuua mke wangu."

Kimya.

Fundi alingoja. Aliona wageni wakigonga vifaa vyao masikioni, wakidhani vimeharibika. Mmoja akageuka kuangalia kibanda cha kati, wa pili akageuka, kisha ukumbi wote ukageuka, na Fundi naye akainua macho. Nyuma ya kioo kulikuwa na gauni la kijani.

Mzee mwenye miwani alinyoosha mkono kuzima kipaza sauti. Sauti akauzuia mkono ule, akasogea karibu na kipaza sauti.

"Waheshimiwa, anayesema sasa si msemaji. Ni mkalimani. Mkalimani wa siku ile ni mimi."

Kuna mwanamke mstari wa mbele aliweka mkono mdomoni.

"Kazini nilikuwepo. Nilipandishwa ukumbi wa juu, kwenye karamu ya wageni wa mkurugenzi, nitafsiri vichekesho vyao. Muuguzi alikuja mlangoni kuniita. Mkurugenzi akasema asubiri. Akaja tena, akiwa analia. Mkurugenzi akasema, wagonjwa wapo kila siku, wageni hawa wanaondoka kesho. Mkurugenzi yule ndiye mwenyekiti wenu, huyo mwenye tai nyekundu."

Hapo kipaza sauti kikakatwa. Ukumbi ukavurugika, viti vikasukumwa, watu wakasimama wakisema kila mtu kwa lugha yake. Wote walikuwa wameujua ukweli, isipokuwa mtu mmoja. Fundi alisimama jukwaani bila kifaa masikioni, haelewi hata neno, anamtazama mpenzi wake akilia nyuma ya kioo bila sauti, kama samaki.

Mwenyekiti akamfikia kwanza. Akamshika bega, vile vile kama siku ya msiba.

"Yule mkalimani uliyekuwa unamtafuta," akamnong'oneza, "ndiye yule pale."

Hakusema uongo. Watu wale wameshaelimika mno, hawahitaji kusema uongo mzima. Nusu ya ukweli inawatosha, na nyingine wanabaki nayo.

Sauti aliteremka ngazi za kibanda mbio, viatu mkononi kama siku ya kwanza. Walikutana mlangoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, lakini nisikilize..."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua ni mke wako! Naapa, nimejua sasa hivi, huku nayatamka..."

"Nimekaa na wewe meza moja," Fundi akasema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nimekupa chai kwa mkono wangu."

Akapita. Pete ilikuwa mfuko wa ndani wa suti. Aliisikia ikimgonga kifuani kila hatua, mpaka barabarani.

Simu ililia siku hiyo, ikalia kesho yake, ikalia wiki nzima. Fundi aliigeuza kifudifudi mezani, ikawa inazunguka kama mende aliyepinduliwa.

"Shemeji, pokea hiyo simu au uizike," mshonaji akasema, akimletea chakula ambacho hatakila.

"Ni yeye aliyemwacha mdogo wako afe."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Yule aliyetuambia mwili uko tayari kabla hatujajua kuna msiba?" Shemeji akaketi. "Haya. Uliuliza alikuwa wapi siku ile, au uliambiwa alikuwa wapi?"

Fundi akasukuma sahani pembeni.

"Nilimlea mdogo wangu mgongoni. Kama kuna mtu wa kumchukia mwanamke huyo ni mimi. Lakini mtu mwenye hatia hapigi simu wiki nzima, shemeji. Mwenye hatia anabadilisha namba."

Mkutano wenyewe uliishia vizuri, kwa wao. Walipiga picha. Mwenyekiti alisema kilichotokea ni hitilafu ya mitambo, akapewa cheo kingine kikubwa zaidi na gari jeusi refu. Ile lugha moja ikapitishwa kwa ofisi za mji, na wakalimani wa uhamiaji wakaambiwa wakusanye vyao. Shukrani hawakupewa. Walipewa mifuko ya plastiki.

Sauti alifika kuchukua vyake asubuhi yenye mvua. Koti la kahawia, kitambaa kile kile cha manjano, macho yamevimba. Pale chini, wakubwa walikuwa wameamua hatimaye kuifufua ile lifti iliyokufa, kwa kuwa kuna mgeni mzito atakuja. Mlangoni pake kulikuwa na kizuizi na mkoba wa zana. Aliujua mkoba ule. Mpini wake alikuwa ameushona yeye mwenyewe kwa uzi wa kijani.

Akaingia kwenye lifti nzima, akaacha mlango ujifunge, hakubonyeza ghorofa yoyote. Akabonyeza kengele.

Juu, kwenye chumba cha mashine, Fundi aliacha kila kitu.

"Haloo, lifti! Mmekwama? Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Spika ilinguruma tu. Halafu, "Mlango unafunguka?"

"Unafunguka."

"Basi toka."

"Kengele haiachwi ikilia, hata aliyekwama awe adui yako. Ulinifundisha mwenyewe."

Angeweza kuzima. Kidole kilikuwa juu ya swichi. Akamkumbuka shemeji yake na pini zake. "Sema," akasema.

Akamwambia yote. Karamu, muuguzi mlangoni, mkurugenzi na wagonjwa wake wa kila siku. Akamwambia alivyotoroka karamu bila ruhusa na kushuka ngazi akikimbia, akaikuta ile sindano imeshafanya kazi yake.

"Alikuwa hai?" Fundi akauliza.

"Alikuwa hai. Nilimsemesha kwa lugha yenu, akanishika mkono. Nikawaambia madaktari alichokuwa anasema tangu mwanzo. Walijaribu, Fundi. Walijaribu kweli, lakini muda ulikuwa umekwisha."

"Mbona hukunitafuta? Kwa nini?"

"Mkurugenzi alinikataza kusema na ndugu wa marehemu. Nikaacha kazi, nikakimbia getini, nikaambiwa mmeshaondoka na mwili kwenda kwao. Jina lako nilinyimwa. Na alikuwa amenipa ujumbe. Nimeubeba siku zote hizi, nisijue wa nani, wala maana yake. Nilidhani ni habari za mlango wa nyumba. Mpaka siku ile kule ukumbini, ulipotaja kitanda cha dirishani, ndipo likanijia lile kufuli lako jekundu."

Fundi akalitazama kufuli lililoning'inia kwenye swichi kuu.

"Alisema, mwambieni mume wangu, kufuli kwanza."

Fundi aliketi sakafuni. Kila asubuhi ya ndoa yao, mke wake hakuwahi kumuaga kwa neno jingine. Si kwaheri, si kazi njema. Alisimama mlangoni na kanga yake, akasema, kufuli kwanza, kwa kuwa aliogopa siku moja mtu atawasha lifti mumewe akiwa shimoni. Neno hilo hakumwambia mtu. Hata mkurugenzi, hata mkutano ule wa wakubwa. Na sasa limemjia kupitia spika ya lifti, limechelewa, lakini limefika zima.

"Alisema kwa lugha gani?" akauliza, ingawa alijua.

"Kwa yenu. Angesema kwa ipi tena?"

Chini, watu walianza kugonga mlango wa lifti wakitaka kupanda.

"Dunia ingekuwa na lugha moja, angepona," Fundi akasema, lakini hakuwa akigomba tena. Alikuwa analia.

"Angepona, sikubishii. Na angepona vile vile kama mtu mmoja angeniruhusu nishuke ngazi. Lugha walikuwa nayo, Fundi. Ilikuwa imekaa juu, inawatafsiria vichekesho."

"Usitoke humo," akasema. "Nakuja."

"Watu wanagonga."

"Waambie wasubiri."

"Kwa lugha ipi? Tumekatazwa."

Fundi akacheka kwa kilio, kicheko kilichomshtua mwenyewe. Aliteremka ngazi zote bila kupumzika. Mlango ulipofunguka walikuwa wametazamana, yeye na ovaroli yenye grisi, mwenzake na mfuko wa plastiki, na nyuma ya Fundi foleni nzima ya watu wenye makaratasi.

"Nilikuita muuaji mbele ya dunia," alisema.

"Tena nikakutafsiria."

"Nisamehe, Sauti."

"Nimekusamehe siku ile ile. Mguu tu ndio uliniuma kukukimbilia."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli. Kwanza akatoa ufunguo wa kufuli, akaona sio, akatoa pete aliyotembea nayo tangu siku ile ya suti. Ilikuwa na grisi. Akaifuta kwenye shati, ikazidi kuchafuka.

"Nilikuwa nimepanga uwe umevaa lile la kijani."

"Fundi, mbele ya watu?"

"Waambie namuomba mwanamke huyu anioe au nimuoe, vyovyote wanavyosema kwao."

Sauti akawageukia watu wa foleni. Kulikuwa na bango jipya ukutani linalosema lugha ni moja tu humu ndani, na mlinzi amesimama chini yake. Akawaambia kwa lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipiga makofi kwa awamu, upande huu kwanza, kisha ule, na mlinzi akapiga wa mwisho, akiangalia kama kuna mkubwa anayemwona.

Walioana bila makuu, gauni la bibi harusi likashonwa na shemeji. Sauti akawa anatafsiri mlangoni mwa hospitali kuu, nje ya geti, kwa yeyote aliyehitaji, na wakubwa wakijifanya hawamwoni.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, Fundi alibeba mkoba wake, akafika mlangoni, akasimama. Sauti naye akasimama.

"Nikuage vipi?" akauliza. "Lile neno nalijua. Nilisema?"

Fundi akatikisa kichwa. "Lile ni lake. Wewe tafuta lako."

Mwanamke aliyekuwa na lugha nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja akafungua mdomo, akaufunga. Hazikumsaidia. Alirekebisha kola ya ovaroli, akampapasa mfuko wa ufunguo kwa nje, akahakikisha umo.

"Urudi," akasema.